Njia ya Pili

Biashara, ewe msomaji, huanza kwa neno kabla haijawa mali. Mfanyabiashara aliye mbali na mwenzake hamwoni uso wala hamshiki mkono. Huuza kwa neno, hununua kwa neno, na huahidi kulipa kwa neno. Neno hilo likikatika njiani, bidhaa hubaki ghalani, meli hungoja bandarini, na mtu aliyeahidiwa fedha hulala bila kulipwa. Kwa sababu hiyo historia ya biashara haiwezi kutengwa na historia ya barua. Vitabu vingi husimulia jinsi barua zilivyoongezewa mwendo, tangu miguu ya matarishi hadi waya za simu, na tangu waya za simu hadi kompyuta. Vichache husimulia jambo jingine lenye uzito uleule: watu walifanya nini siku ambazo barua zilishindwa kwenda? Insha hii yahusu siku hizo.

Tuanze na zama za matanga. Katika pwani yetu majahazi yalikwenda kwa pepo za misimu. Kaskazi iliyaleta kutoka Arabuni na Bara Hindi, na kusi iliyarudisha kwao. Barua iliyokosa chombo wakati wa kusi haikuwa na budi kungoja msimu mwingine, hata kama habari iliyomo ilihusu mali ya maelfu. Isitoshe, bahari haikuahidi kitu. Chombo kiliweza kuzama, au kutekwa, au kupotea, na barua zake zikapotea pamoja nacho.

Wafanyabiashara wa zama hizo hawakuweza kuizuia bahari isichafuke, lakini walijua namna ya kuishi nayo. Kampuni ya Uingereza iliyofanya biashara na Bara Hindi ilikuwa na desturi ya kunakili barua zake kubwa mara mbili au tatu, na kila nakala ikasafiri katika meli yake. Kadhalika, hati ya kuamuru malipo iliandikwa kwa nakala mbili au tatu, na kila moja ilieleza kwamba italipwa ikiwa zile nyingine hazijalipwa. Hivyo nakala ya kwanza ikizama, ya pili ilifika. Na zikifika zote, hakuna aliyelipwa mara mbili. Angalia, msomaji, hekima iliyo hapa. Watu hawa walikubali tangu mwanzo kwamba njia itaharibika, wakaweka njia ya pili kabla ya kung'oa nanga. Tuishike kanuni hii mkononi, kwa kuwa tutaihitaji katika safari yetu yote.

Sasa na tuvuke hadi Marekani, mwaka wa 1971. Katika mji wa Cambridge, jimbo la Massachusetts, mhandisi aliyeitwa Ray Tomlinson aliandika programu iliyoweza kupeleka ujumbe kutoka kompyuta moja hadi nyingine kwa mtandao wa ARPANET. Mtandao huo ulikuwa umeanza mwaka wa 1969 kwa fedha za Wizara ya Ulinzi ya nchi hiyo. Kompyuta mbili alizozijaribia zilikuwa zimesimama bega kwa bega katika chumba kimoja, lakini ujumbe ulizunguka katika mtandao kabla ya kufika. Tomlinson ndiye aliyechagua alama ya @ itenge jina la mtu na jina la kompyuta yake. Huo ndio mwanzo wa barua pepe za kutoka kompyuta moja hadi nyingine.

Yafaa hapa tufahamu jinsi barua hiyo inavyosafiri. Wengi hudhani kwamba huruka moja kwa moja kutoka kwa mwandishi hadi kwa msomaji. Sivyo. Hupokewa kwanza na kompyuta iliyowekwa mahsusi kwa kazi hiyo, nayo huitwa seva. Seva ni mfano wa ofisi ya posta: huipokea barua ya mtumaji, huisoma anwani, huitafuta seva ya mpokeaji, kisha huikabidhi. Seva ya mpokeaji nayo huiweka katika sanduku lake mpaka mwenyewe aje kuichukua. Lakini seva ni mtambo. Umeme hukatika, kifaa hufa, programu hukosea, na fundi huizima ili aitengeneze. Je, barua iliyofika mlangoni na kukuta posta imefungwa, itakwenda wapi?

Swali hili lilijibiwa kwa makini mwaka wa 1982, wakati Jonathan Postel, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Southern California, alipotoa kanuni za kupeleka barua pepe. Kwa kanuni hizo seva mbili huzungumza kwa maneno machache na tarakimu. Mpokeaji akijibu kwa namba inayoanza na 4, maana yake ni: siwezi sasa, rudi baadaye. Akijibu kwa namba inayoanza na 5, maana yake ni: haiwezekani, usijaribu tena. Tofauti ya tarakimu hizi mbili yaonekana ndogo, lakini ndiyo inayotenga mlango uliofungwa kwa muda na nyumba isiyokuwapo. Seva iliyoambiwa irudi, au iliyobisha hodi isijibiwe kabisa, haiitupi barua. Huiweka katika foleni, na baada ya muda hubisha tena.

Mwaka wa 1989 kanuni hizo zilifafanuliwa zaidi. Ilishauriwa kwamba seva ingoje angalau dakika 30 kabla ya kujaribu tena, na isikate tamaa kabla ya siku 4 au 5 kupita. Ikishindwa kabisa, sharti imwarifu mtumaji kwamba barua yake haikufika. Zaidi ya hayo, seva iliyokwisha kusema "nimepokea" ilikatazwa kuipoteza barua kwa sababu hafifu, mathalani kwa sababu tu imezimika baadaye. Ukipokea amana, amana ni yako. Desturi ya mabaharia na wachukuzi waaminifu ikaandikwa kuwa sheria ya mitambo.

Katikati ya miaka hiyo kulifanyika jambo jingine kubwa. Mwaka wa 1983 Paul Mockapetris alibuni utaratibu wa majina ya intaneti, ambao kwao kompyuta huulizana jina fulani lakaa wapi. Mnamo Januari 1986 Craig Partridge alieleza namna ya kuutumia utaratibu huo kwa barua. Kila shirika lingeweza kutangaza seva zaidi ya moja za kupokea barua zake, na kila seva ikapewa namba ya daraja. Namba ndogo hujaribiwa kwanza. Yenye namba hiyo isipojibu, hujaribiwa inayofuata. Ni kama mwenye duka anayeandika mlangoni: "Nikiwa sipo, mpe jirani yangu wa kulia, naye akiwa hayupo, mpe wa kushoto." Jirani huutunza mzigo mpaka mwenye duka arudi.

Basi waasisi wa barua pepe walifuata hekima ileile ya wafanyabiashara wa matanga. Walijua kwamba mitambo itakufa mara kwa mara, wakajenga utaratibu ambao ndani yake kifo cha mtambo mmoja si kifo cha barua. Ndiyo maana hata leo seva ya ofisi ikizimwa usiku kucha, barua za usiku huo huingia asubuhi zikiwa zimechelewa tu.

Lakini usidhani, msomaji, kwamba mambo yaliishia hapo. Kuitunza barua ni jambo moja, na kuendelea kuzungumza ni jambo jingine. Barua iliyokaa salama kwenye foleni kwa siku 3 haikupotea, lakini mfanyabiashara aliyehitaji jibu leo amekwisha kupata hasara. Tena, njia ya pili ina sharti ambalo ni rahisi kusahauliwa: lazima iwe njia ya pili kweli. Matukio matatu yatatuonyesha.

La kwanza lilitokea usiku wa tarehe 2 Novemba 1988. Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, aliachia katika mtandao programu iliyojinakili yenyewe kutoka kompyuta hadi kompyuta. Mojawapo ya nyufa ilizopenyea ilikuwa katika programu iliyotumiwa na kompyuta nyingi kupeleka barua. Kompyuta zilielemewa hata zikashindwa kazi. Ilikadiriwa kwamba zilizopatwa zilikuwa kama 6,000. Morris alipoona mambo yamemzidi, alimwomba rafiki yake atangaze jinsi ya kuizuia. Tangazo likapelekwa katika mtandao uleule uliokuwa umesongwa, na lilipopenya lilikuwa limechelewa mno. Wataalamu wa Berkeley na wa Massachusetts nao walipata dawa, lakini vituo vingi vilikuwa vimejitenga na mtandao ili vijikinge, na kwa kujitenga vikajinyima habari za tiba. Ikabidi watu wapigiane simu. Katika saa hizo daftari la karatasi lenye namba za simu lilikuwa na thamani kuliko kompyuta ya gharama kubwa.

La pili lilitokea kwetu. Mwaka wa 2009 nyaya kubwa za intaneti zilifika Mombasa zikipita chini ya bahari. Mojawapo, iitwayo TEAMS, huunganisha Mombasa na Fujairah katika Ghuba. Mnamo Februari 2012 nanga ya meli iliukata waya huo karibu na Mombasa, na intaneti ikawa nzito katika Kenya na nchi jirani. Siku hiyo seva zilikuwa nzima. Kilichokatika ni barabara. Waliokuwa wamenunua nafasi katika waya mmoja tu waliona taabu kubwa, na waliokuwa na nafasi katika nyaya nyingine waliendelea, ingawa polepole. Waya mnene kama mkono wa mtu ulikuwa umebeba mazungumzo ya mamilioni, na nanga moja ikatosha kuunyamazisha.

La tatu ndilo kubwa kuliko yote, nami nakuomba ulisome kwa utulivu. Kampuni ya Maersk ya Denmark ni miongoni mwa kampuni kubwa kabisa za meli duniani, na makasha yenye jina lake huonekana hata katika bandari ya Mombasa. Tarehe 27 Juni 2017 watumishi wake katika makao makuu, mjini Copenhagen, waliona vioo vya kompyuta zao vikigeuka vyeusi, kimoja baada ya kingine. Programu haribifu iliyopewa jina la NotPetya ilikuwa imeanzia Ukraine, ikipenya kwa njia ya programu ya hesabu iliyotumiwa na wafanyabiashara wengi wa nchi hiyo. Mwaka uliofuata serikali za Marekani na Uingereza zilitangaza kwamba jeshi la Urusi ndilo lililoitengeneza, Urusi ilikana. Maersk haikuwa shabaha. Ilikuwa mpita njia aliyepigwa na jiwe alilorushiwa mwingine.

Hasara ilienea kwa muda mfupi. Barua pepe zilinyamaza. Simu za mezani, ambazo zilikuwa zimeunganishwa na mtandao uleule, zilinyamaza nazo. Katika vituo 17 kati ya vituo 76 vya bandari vya kampuni hiyo, malango hayakuweza kufunguliwa kwa kawaida, na malori yalipanga foleni ndefu bila dereva kujua mzigo wake uko wapi. Ndani ya baadhi ya makasha mlikuwa na vyakula vinavyohitaji baridi. Wenye mali walituma barua, nazo hazikujibiwa, kwa sababu wa kuzijibu hawakuwa na chombo.

Watumishi walifanya nini? Walitoa simu zao za mkononi. Walifungua anwani binafsi za barua pepe, wakatumiana habari kwa WhatsApp, wakapokea maagizo ya mizigo kwa njia hizo, wakayaandika katika karatasi na majedwali. Hiyo ilikuwa njia ya pili, ingawa hakuna aliyekuwa ameiandaa. Ilizaliwa na dhiki. Iliokoa mengi, lakini ilikuwa na mipaka yake. Katika siku kama hiyo mteja anayepokea barua kutoka anwani asiyoijua atatambuaje kwamba ni ya kampuni kweli wala si ya tapeli?

Wakati huohuo mafundi walikusanyika Uingereza, katika mji wa Maidenhead, ili waujenge mtandao upya. Nakala za kompyuta nyingi zilikuwapo, lakini kitu kimoja kilikosekana. Kampuni ilikuwa na kompyuta kama 150 zilizotunza daftari la watumishi wote na ruhusa zao, na bila daftari hilo hakuna mlango ambao ungefunguka. Kila moja ya hizo 150 ilikuwa nakala ya wenzake, hivyo ilidhaniwa kwamba moja ikifa, zilizobaki zitaifufua. Lakini kwa kuwa zote ziliunganishwa pamoja, maradhi yaliyoiingia moja yaliziingia zote kwa pamoja. Njia 150 zilikuwa njia moja yenye majina 150.

Zote isipokuwa moja. Nchini Ghana umeme ulikuwa umekatika kabla ya shambulio, na kompyuta iliyokuwa katika ofisi ya huko ilikuwa nje ya mtandao wakati wenzake walipoangamia. Daftari lake lilikuwa zima. Mafundi walijaribu kulivuta kwa intaneti, lakini waya ulikuwa mwembamba na kazi ingechukua siku nyingi. Katika watumishi wa Ghana hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kuingia Uingereza. Basi mtumishi mmoja alisafiri kwa ndege hadi Nigeria akiwa na diski, akamkabidhi mwenzake uwanjani, na huyo akapanda ndege hadi London. Kwa hiyo mtandao wa kampuni kubwa ya karne hii ulifufuliwa na matarishi wawili waliopokezana mzigo mkono kwa mkono, kama walivyofanya matarishi wa zamani.

Baadaye mwenyekiti wa kampuni, Jim Hagemann Snabe, alieleza kwamba walisimika upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 kwa siku 10. Hasara ilikadiriwa kuwa kati ya dola milioni 250 na milioni 300.

Watu wengi huisimulia habari ya Ghana kama kichekesho, kwamba kukatika kwa umeme kuliiokoa kampuni. Mimi naiona ni onyo. Kampuni yenye fedha na mafundi ilisimama tena kwa bahati, kwa kuwa kitu kimoja kati ya 150 kilikuwa kimetengwa na vingine bila mtu kukusudia. Yule mfanyabiashara wa matanga alifanya kwa makusudi yale ambayo Maersk ilitendewa na bahati: nakala yake ya pili haikuwekwa katika meli iliyobeba ya kwanza.

Kutokana na historia hii twaweza kuokota mafunzo machache, nayo yamfaa mwenye duka la mtaani na karani wa shule kama yanavyomfaa mkurugenzi wa meli. Nakala ya barua na ya anwani za wateja haina budi kukaa mahali palipotengwa na seva, pasipofikiwa na ugonjwa wa seva hiyo. Namba za simu za watu muhimu ziandikwe katika karatasi, kwa maana orodha iliyofungiwa ndani ya kompyuta iliyokufa haimsaidii mtu. Watu waafikiane mapema ni nani atasema kwa niaba ya wote na kwa njia ipi, tena wateja waarifiwe njia hiyo wakati wa amani, ili siku ya dhiki wasimwamini tapeli. Mwisho, njia ya pili ijaribiwe mara kwa mara. Ndoo ya kuzimia moto isiyokaguliwa huenda ikaonekana imetoboka siku nyumba inapowaka.

Haya yote yana gharama, na gharama hiyo huonekana kama upotevu katika siku njema. Seva ya akiba hukaa bila kazi mwaka mzima. Daftari la karatasi hupigwa na vumbi. Mhasibu huuliza: kwa nini tunalipia kitu kisichotumika? Wazee walikwisha kumjibu: akiba haiozi.

Nawe, msomaji, baada ya miaka michache utakuwa katika ofisi, au duka, au hospitali, au shule. Mtambo wa mahali hapo utazimika siku moja, kwa kuwa hakuna mtambo usiozimika. Watu watakutazama wakitaka kujua la kufanya. Uliza sasa, wakati taa zinawaka na barua zinakwenda: njia yetu ya pili ni ipi, nayo imetengwa na ya kwanza kweli?